Nauza laptopu, nasomea cheti
Wauzaji wenzangu, mchana nauza laptopu za mtumba mtandaoni, usiku nasomea CompTIA A+. Ni mitihani miwili, kila mmoja dakika 90, maswali hadi 90. Mwezi wa pili nilikaribia kuacha: kitabu kinasinzisha, simu nayo "bei gani?", "bado ipo?"

Kilichonirudisha ni laptopu aliyorudisha mteja, haiwaki. Nilikuwa nimetoka kusoma sura ya RAM. Nikaichomoa, nikaisafisha, nikaipachika tena. Ikawaka! Tangu hapo kila sura naisoma na mzigo mbovu mezani.

Simu naizima saa tatu hadi nne na nusu usiku. Wateja nimewaandikia kwenye stetasi. Oda kadhaa zimepotea, sikatai. Mtihani wa kwanza nimeshalipia, ni Jumamosi ijayo.