Bei ya nyanya yakwama kwa tarehe ya simu

Mkulima wa Ilula, mkoani Iringa, anayesubiri bei ya Dar es Salaam kwenye simu hana siku ya kupoteza. Nyanya iliyoiva haingoji. Intaneti ikigoma, hukimbilia kununua kifurushi kingine. Kumbe mara nyingine kosa ni tarehe. Betri ikiisha kabisa, baadhi ya simu hurudi nyuma miaka kadhaa, na kurasa zenye ulinzi hazifunguki, kwani vyeti vyake vya usalama vina siku ya kuanza na ya kuisha. Arekebishe tarehe na saa kwanza. Kama ni WhatsApp pekee, aangalie toleo la Android: tangu Oktoba 2023 yaliyo chini ya 5.0 hayahudumiwi. Simu isiyopata toleo jipya, bei ataiuliza kwa kupiga.