Kombe la Shirikisho: timu ya daraja la pili iliitoaje Simba?

Wadau, juzi kijiweni jamaa mmoja kabisha mpaka mishipa ikamtoka kwamba Simba haijawahi kutolewa na timu ya daraja la pili. Nikamwambia ndugu yangu, tarehe 22 Desemba 2017 mimi nilikuwa banda umiza, nimelipa kiingilio kabisa! Green Warriors waliibana Simba pale Chamazi, dakika 90 zikaisha 1-1, matuta wakashinda 4-3. Bingwa mtetezi nje. Banda zima kimya, isipokuwa watu wa Yanga waliokuwa wanacheka huku wamekaa chini. Kesho yake Simba wakaachana na kocha Joseph Omog.

Sasa inawezekanaje? Kombe hili, lililoanza msimu wa 2015/16 kwa jina la Azam Sports Federation Cup (mwaka 2024 likachukua jina la CRDB), linachanganya timu za ligi kuu na za madaraja ya chini. Kwenye ligi ukiteleza leo, unafidia wiki ijayo. Huku ni mtoano: mechi moja tu, ukifungwa unafungasha. Timu ndogo haihitaji kikosi kipana, inahitaji jioni moja tu ambayo kipa wake ameamka vizuri. Na wakubwa nao huja na dharau, wanapumzisha nyota wao. Simba hawakujifunza: Desemba 2018 Mashujaa ya Kigoma, wakati huo iko daraja la kwanza, ikaja Dar ikawachapa 3-2. (Mimi ni Simba damu, msidhani naandika haya kwa raha.)

Utamu mwingine ni tiketi ya Afrika. Bingwa hupelekwa Kombe la Shirikisho la CAF. Mwaka 2020 fainali ilipigwa Sumbawanga, Simba wakaifunga Namungo ya Ruangwa, Lindi, 2-1. Namungo ndiyo kwanza walikuwa msimu wao wa kwanza ligi kuu. Ila Simba walishabeba na ubingwa wa ligi, wakaenda Ligi ya Mabingwa, hivyo kwa kanuni ya wakati ule nafasi ikamwangukia aliyefungwa fainali. Namungo hao, wakaitoa Primeiro de Agosto ya Angola, wakaingia makundi pamoja na Raja Casablanca na Pyramids ya Misri!

Huko walifungwa mechi zote sita. Lakini muulize mtu wa Ruangwa uone, atakutajia Raja kwanza.