Kuku Anayejitafutia Naye Husaidiwa

Asubuhi unafungua mlango na kuku wako wanatoka. Wanaingia shambani. Wanapekua takataka, wanakamata panzi, wanadonoa majani. Jioni wanarudi wenyewe. Hukuwapa kitu. Kwa hiyo unasema, "Kuku wa kienyeji hana gharama."

Hebu tuhesabu pamoja. Mtetea wako aliangua vifaranga 12. Baada ya miezi miwili wamebaki wangapi? Mara nyingi zaidi ya nusu wamekwisha. Wengine walichukuliwa na mwewe. Wengine walikufa kwa njaa, baridi au ugonjwa. Hiyo ndiyo gharama, ila hukuilipa kwa fedha. Umeilipa kwa mayai ambayo mtoto wako hatayala.

Malisho yana majira

Tuchukue Mkoa wa Singida, ambao kuku wake wa kienyeji wanajulikana mpaka Dar es Salaam. Wakati wa mvua kuna wadudu na majani mabichi. Baada ya mavuno, punje za mtama na uwele zimedondoka shambani. Wakati huo kuku hunenepa na kutaga. Lakini ikifika Agosti mpaka Novemba, ardhi ni kavu. Kuku anatembea mchana kutwa na kurudi na tumbo tupu. Mtetea anaacha kutaga. Si uvivu wake. Hana cha kutagia.

Tena kuku si mbuzi. Tumbo lake haliwezi kusaga majani mengi. Majani kwake ni mboga: humpa vitamini na kukifanya kiini cha yai kiwe cha manjano. Ugali wake ni nafaka. Nyama yake ni wadudu. Mboga peke yake haimshibishi mtu, wala haimshibishi kuku.

Basi mwongezee. Chukua kopo la nusu kilo. Pima mtama uliovunjwavunjwa makopo 4, pumba za mahindi makopo 3, mashudu ya alizeti makopo 2, na dagaa waliotwangwa kopo 1. Ongeza mifupa iliyochomwa na kutwangwa robo kopo, na chumvi kijiko kimoja cha chai. Chumvi isizidi hapo. Dagaa wapepete kwanza, maana wengi huuzwa na mchanga. Changanya vizuri.

Kuku mkubwa mmoja anatosheka na ujazo wa kiganja kimoja kwa siku, mradi ametoka kujitafutia. Mpe jioni. Ukimpa asubuhi atakaa mlangoni akingoja, na malisho yatapotea bure. Ukimpa jioni atajua njia ya kurudi bandani.

Huna dagaa? Tumia mchwa. Chukua chungu kikuukuu. Kijaze mabua makavu na kinyesi cha ng'ombe, kisha unyunyize maji. Kipindue juu ya tundu la mchwa wakati wa jioni. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, kifunue. Mchwa watakuwa wamejaa. Wamwagie vifaranga. Utaona mbio zao!

Usisahau maji. Kuku 10 hunywa karibu lita 2 au 3 kwa siku, na wakati wa joto hunywa zaidi. Maji yawe safi, na yawe kivulini. Kuku asiye na maji hatagi.

Punje zenye ukungu

Hapa naomba usome polepole. Nyumba nyingi zikipata mahindi au karanga zenye ukungu, watu husema, "Wapeni kuku." Ni kosa. Ukungu huo unaweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuku naye hudhurika. Ini lake huharibika, vifaranga hudumaa na kufa. Tena sumu nyingine huweza kupita na kuingia katika ini na mayai, nawe ukaila mezani. Kuipika hakuiondoi. Punje zilizoota ukungu zifukie mbali.

Vifaranga kwanza

Kama chakula ulicho nacho ni kidogo, usikigawe sawa kwa wote. Wape vifaranga. Kuku mkubwa anaweza kukimbia na kuruka. Kifaranga hawezi.

Kwa wiki 4 za kwanza mzuie mama na wanawe karibu na nyumba. Wafunike kwa tenga kubwa, au uwajengee uzio mdogo wa fito wenye paa. Mwewe hataweza kuwafikia. Uache nafasi ambayo kifaranga anapita na kuku mkubwa hapiti. Chakula chao kiweke ndani, kiwepo mchana kutwa. Maji weka katika kisahani, utie na vijiwe ili wasizame.

Baada ya wiki 4 unaweza kumtenga mama ikiwa hakuna baridi kali. Vifaranga wabaki wakilishwa. Mama akishiba atarudi kutaga mapema, badala ya kutembea nao miezi mitatu.

Kuku walale kwao

Wengi hulaza kuku ndani kwa kuogopa wezi na vicheche. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kukitia mdomoni. Kinyesi cha kuku humletea kuharisha, na mtoto anayeharisha mara kwa mara hakui vizuri. Jenga banda la miti na udongo, au lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye mlango wa kufunga. Liweke karibu na dirisha lako ili usikie kelele. Ndani weka fito za kulalia. Fagia, kisha nyunyiza majivu kupunguza utitiri na viroboto. Mnawe mikono kwa sabuni mkimaliza. Samadi ipeleke kwenye bustani.

Na yai lile apewe mtoto. Wako wanaosema mtoto akila mayai atachelewa kusema. Si kweli. Mtoto aliyetimiza miezi 6, anayeendelea kunyonya, apewe yai lililoiva vizuri. Mama mjamzito naye ale.

Mdondo

Yote haya hupotea kwa wiki moja mdondo ukiingia. Wengine huuita kideri. Kuku hupumua kwa shida, huharisha kijani, hupinda shingo, kisha hufa. Hauna dawa. Anayekuuzia vidonge vya kuuponya anakula fedha zako. Kuna chanjo tu, na chanjo hutolewa kabla ya ugonjwa.

Chanjo ya I-2 hustahimili joto kuliko chanjo nyingi, ila isiachwe juani. Kila kuku hutiwa tone moja katika jicho moja, vifaranga pia. Kinga huchukua wiki moja au mbili kujijenga. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi sana, kwa hiyo jirani wachangiane na kuchanja siku moja. Mwite Bwana au Bibi Mifugo. Kuku mgeni kutoka mnadani mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya na wenzake. Aliyekufa mchome au mfukie. Usimuuze, wala usitupe manyoya yake njiani.

Chanjo hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, kama Mtaalamu wa Mifugo atakavyopanga. Siku hiyo chukua kipande cha mkaa. Andika tarehe juu ya mlango wa banda, kwa herufi kubwa, maana miezi mitatu husahaulika upesi.