Besi Humngoja Mwimbaji

Ukitaka kujua thamani ya mpiga besi, ndugu msomaji, mwambie anyamaze. Harusi itaendelea, ngoma italia na mwimbaji ataimba, lakini baada ya muda watu wataanza kutazamana bila kujua kilichopungua. Ni kama mizani katika shairi. Mshairi akikosea neno husamehewa, ila akipunguza mizani moja tu, hata asiyejua kuhesabu huhisi kwamba ubeti umechechemea.

Mawazo haya yalinijia Garissa, ambako nilimsindikiza mzee mmoja wa Mombasa aliyepiga besi katika vikundi vya taarabu kwa zaidi ya miaka thelathini. Tulipita Malindi, Garsen na Hola, tukafika Madogo, tukavuka daraja la Mto Tana tukaingia mjini jua likiwa utosini. Mzee alikuwa amepata habari kwamba kijana mmoja wa Kisomali anauza gitaa lake la besi, naye alilitaka kwa ajili ya mjukuu wake. Fedha alizifunga ndani ya leso, leso akaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Wote wawili waliniomba nisiwataje majina, nami nimelishika ombi lao.

Nyumba ya kijana iko Bulla Iftin. Iftin kwa Kisomali ni mwanga, na ndilo lililokuwa jina la bendi mojawapo mashuhuri za Mogadishu. Tulikaribishwa kwa chai ya maziwa ya ngamia, tukaketi mkekani. Kijana akalitoa gitaa chini ya kitanda, limevikwa shuka kama mtoto mchanga.

Mzee hakuuliza bei. Alilishika, akaifumba jicho moja na kuitazama shingo yake kwa urefu, kama seremala atazamavyo ubao. Kisha akapitisha kidole pembeni mwa shingo, akakiondoa upesi.

"Linakata, mwanangu," akasema.

"Linakata, adeer," kijana akajibu. "Ni ukavu wa huku. Mbao husinyaa, vile vyuma vya shingoni vikabaki vilevile, ncha zao zikatokeza nje. Nilizipiga tupa mwaka jana, zimetoka tena."

Mzee akacheka. Kwao Mombasa, alisema, adui si ukavu bali ni bahari. Hewa ya chumvi hula nyuzi, skurubu zikashika kutu, na masika yakija shingo hupinda kama upinde. Kila mpigaji wa pwani huweka kitambaa kikavu mfukoni, na akimaliza kupiga hufuta uzi mmoja mmoja kabla hajaenda kula pilau. Huku Garissa kitambaa kinatumika pia, ila cha kufutia vumbi. Basi wakaingia katika mazungumzo ambayo mimi, mtu wa kalamu, niliyasikiliza kama mwanafunzi.

Walianza na nyuzi. Gitaa la besi lina nyuzi nne nene, na bei ya seti moja mpya si ya kuchezea. Kijana alieleza kwamba huzichemsha. Hutia nyuzi katika sufuria ya maji kwa dakika kumi, mafuta na uchafu wa vidole vikatoka, akazianika, na kwa siku kadhaa hulia kama mpya. Dada yake amemkataza kutumia sufuria ya chai. Mzee alimwambia kuwa yeye hachemshi, kwani hutumia nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa badala ya waya wa mviringo. Hizo hazina mikwaruzo, sauti yake ni laini na fupi, na hudumu miaka. Ndizo zinazofaa taarabu, kwa sababu hukaribia sauti ya lile besi kubwa la kusimama.

Hapo mzee akapata nafasi ya kutusomesha. Besi kubwa la kusimama, linalompita mtu kimo, wazee wa Unguja walilipokea pamoja na fidla na mambo mengine ya muziki wa Misri, na hata leo huonekana katika Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa 1905. Lakini kulibeba ni mashaka. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa California ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, alitoa besi la umeme linaloning'inizwa begani, lenye vyuma shingoni ili kidole kisipotee. Bendi za dunia nzima zikalifuata, na zetu zimo.

"Na aliyelipiga vizuri kuliko wote hakujulikana," mzee akaendelea. Alimkusudia James Jamerson wa Detroit, aliyepiga katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown miaka ya 1960. Watu wa mataifa yote walicheza kwa vidole vyake, au tuseme kwa kidole chake, maana alitumia kimoja tu cha mkono wa kulia. Jina lake halikuwa likiandikwa juu ya santuri. Mpaka 1971, katika santuri ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On, ndipo msikilizaji aliposoma kwamba kuna mtu huyo.

Kijana naye hakuwa mtupu. Alisema Wasomali wengi wakisikia rege huona kama wamesikia dhaanto, ngoma yao ya tangu zamani, kwa namna mapigo yanavyoangukia pale usipotarajia. Kwa hiyo mwalimu wake wa mbali alikuwa Aston Barrett, aliyepiga besi na Bob Marley, ambaye besi lake la kwanza alijitengenezea kwa mbao. Mwalimu wake wa karibu ni kanda za Mogadishu. Anazo nyimbo za bendi ya Dur-Dur, ambayo kanda yake ya 1987, iliyorekodiwa Redio Mogadishu, ilitolewa upya Marekani 2013 na kusikilizwa na watu ambao hawajui hata Mogadishu iko wapi.

"Zamani nilizisikia redioni lakini besi sikulisikia," akasema. "Nilidhani halimo."

Jambo hilo lina sababu yake. Uzi mnene wa besi ukipigwa mtupu hutikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya redio ya mkononi haiwezi kutoa mtikisiko wa polepole kiasi hicho. Kwa hiyo nyumba nyingi zilisikiliza muziki miaka mingi huku nusu ya msingi wake ikibaki ndani ya redio. Kijana alilisikia besi kwa mara ya kwanza alipovaa spika za masikioni, na anasema usiku ule hakulala.

Nikamuuliza anafanyaje mazoezi hali hana kikuza sauti, kwani sikukiona chumbani. Akainuka, akalegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati la nguo, akapiga uzi mmoja. Wallahi kabati zima liliunguruma. Mbao za kabati zimekuwa ndiyo spika yake. Saa nyingine huweka taya lake juu ya pembe ya gitaa, sauti ikapita mfupani mpaka sikioni, na aliye pembeni yake hasikii kitu.

"Vizuri," mzee akasema. "Na kasi?"

"Napiga polepole, adeer, kama ulivyosema."

"Sijasema bado."

"Nimekuona usoni."

Tulicheka sote, lakini mzee alirudia neno hilo kwa dhati. Mpigaji kijana hutafuta mbio, na mbio huficha makosa. Yeye alifundishwa kupiga wimbo mmoja kwa mwendo wa mzee aendaye msikitini, saa nzima, mpaka kila noti ijue mahali pake pa kuanza na, lililo gumu zaidi, mahali pake pa kukoma.

Basi kwa nini kijana anauza? Jibu lake la kwanza lilikuwa la riziki. Mji huu ulikuwa makao ya uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, mkoa uliokaa chini ya sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991, na katika hali hiyo bendi za usiku hazikuwa na nafasi ya kuota mizizi kama kwetu Mombasa. Ulipofika 1991 dola ya Somalia ilianguka. Wakimbizi wakajaa Dadaab, na wanamuziki wa Mogadishu wakatawanyika Eastleigh, Ulaya na Amerika. Bendi ya watu kumi haibebeki ukimbizini. Kinachobebeka ni kinanda kimoja cha umeme, ambacho ngoma zimo ndani na besi limo ndani. Harusi nyingi sasa huitwa mtu mmoja na kinanda chake. Nasi wa pwani tusijione, maana taarabu zetu nazo zimepita njia hiyohiyo.

Si kwamba Garissa imenyamaza. Wanawake wa kikundi cha Gargar, jina lenye maana ya msaada, walizichukua nyimbo zao hadi Nairobi kwa Ketebul Music ya Tabu Osusa, zikatoka katika santuri iitwayo Garissa Express. Lakini hiyo ni studio. Kijana wetu anataka kazi ya Ijumaa hadi Jumapili, na mwenye kinanda hamhitaji.

Jibu lake la pili alilitoa kwa sauti ya chini, akiutazama mlango. "Mama hapendi."

Msomaji wangu atajua uzito wa neno hilo. Juu ya dufu katika harusi wanazuoni wengi wameruhusu. Juu ya nyuzi wamehitilafiana tangu kale, na Imam Ghazali aliandika kitabu kizima juu ya kusikiliza ndani ya Ihyaa. Mimi si mufti, wala ukurasa huu si mahali pa fatwa. Ninalolijua ni kwamba mama huyo ni mwimbaji wa buraanbur, mashairi ya wanawake wa Kisomali, ambayo kila mstari hushika herufi moja ya mwanzo kama sisi tunavyoshika vina vya mwisho. Harusini huimbwa kwa ngoma na makofi. Kijana alitukiri kwamba usiku, kabati likiwa ndiyo spika, anachokipiga si rege wala Dur-Dur. Humrekodi mama yake kwenye simu akiimba jikoni, kisha huliweka besi chini ya sauti yake.

Kumbe kabati limeegemea ukuta wa chumba cha mama.

Mama aliingia kuchukua vikombe. Alitusalimu, akamuuliza mzee habari za safari na za watoto. Alipofika mlangoni na sinia mkononi akageuka, akamwambia mwanawe kwa Kiswahili ili nasi tusikie:

"Ule ubeti wa pili unawahi mno. Ningoje."

Akatoka. Kijana aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Mzee naye hakusema kitu; alitoa kitambaa chake akaanza kulifuta gitaa, uzi kwa uzi.

Neno hilo moja, ningoje, ndilo ambalo nimekuja nalo Mombasa. Kinanda cha umeme kina mengi, na wenye kukipiga wana ustadi wao. Lakini besi lililomo ndani yake likishawashwa hwenda mwendo wake. Mwimbaji akivuta pumzi, halimngoji. Akilemewa na neno lenye uchungu akalivuta kidogo, lenyewe limekwisha pita. Mpiga besi aliye hai humtazama mwimbaji mdomoni. Kazi yake ndiyo hiyo, na akiacha kuifanya hata zile nyuzi nne mpya hazimsaidii.

Mzee hakununua. Alimwambia kijana: "Mimi nitarudi Mfunguo Mosi, inshallah. Ukiwa ungali wauza, fedha zangu ni hizi." Kisha akatoa katika mkoba wake seti ya nyuzi bapa alizokuja nazo kwa ajili ya mjukuu, akaziweka juu ya mkeka. Njiani nilimuuliza mjukuu atapiga nini. Akasema mjukuu ana miaka tisa, anaweza kungoja, na kungoja ndiyo somo la kwanza.

Gari lilipopita Hola nilimsomea ubeti nilioutunga njiani, naye aliuhesabu kwa vidole gotini kabla ya kuukubali:

Besi haidai sifa, kazi yake ni kubeba,
Huziba kulo na nyufa, japo neno lake haba,
Na siku itayokufa, wimbo utakosa baba,
Msikie asosema, ndiye aloshika nyumba.