Wingu la binafsi: ping inajibu, faili inakwama

Seva mpya imewashwa, ping inajibu, fundi anapumua. Saa chache baadaye hospitali inalalamika: picha za wagonjwa zinaanza kutumwa, kisha zinakwama.

Wengi hulaumu kebo. Kumbe shida huwa ni kipimo cha paketi. Katika OpenStack, programu huria iliyoanzishwa na NASA na Rackspace mwaka 2010, sehemu iitwayo Neutron ndiyo hugawa mtandao kwa kompyuta pepe. Ikitumia VXLAN, kila paketi hutiwa ndani ya nyingine, kama barua ndani ya bahasha, na bahasha hiyo hula baiti 50. Ethernet ya kawaida hubeba 1500. Kompyuta pepe zinabaki na 1450.

Neutron hupiga hesabu hiyo yenyewe, lakini huamini kwamba njia kati ya seva ina 1500 kamili. Ikiwa njia ni nyembamba, fundi lazima aandike kipimo cha kweli kwenye global_physnet_mtu.

Ping ya kawaida ni ndogo mno, hupita popote. Kati ya seva na seva, ijaribiwe ile ya baiti 1472, isiyoruhusiwa kukatwa. Vichwa vyake vya baiti 28 huijaza 1500.