Mtambo wa umeme: wa umma au wa mtu binafsi?

Tumeulizwa na ndugu yetu wa Pemba anayesomesha Kibondo, mkoani Kigoma: je, yafaa mtu binafsi kumiliki mtambo wa umeme, ilhali tunafundishwa kuwa moto ni wa watu wote?

Ni kweli, katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) amewashirikisha watu katika maji, malisho na moto. Tena alipompa Abyadh bin Hammal chumvi ya Ma'rib, kisha akaelezwa kuwa ile ni kama maji yasiyokatika, aliirejesha. Basi Mto Malagarasi hauna mwenyewe. Lakini maji uliyoyateka kwa ndoo yako ni mali yako, unaweza kuyauza. Na jenereta, mafuta na kazi ya fundi ni mfano wa ndoo hiyo. Kwa hivyo yafaa, maadamu hauzuilii watu mto wenyewe.

Linalowatatiza wengi ni mkataba wa IPTL wa mwaka 1995, ambao uliitaka TANESCO ilipie uwezo wa mtambo wa Tegeta hata usipozalisha. Wengine hudhani hapo ndipo penye haramu. Sivyo. Aliyekodi nyumba akakabidhiwa ufunguo hulipa kodi, alale asilale. Haramu huingia bei inapopandishwa kwa hadaa au rushwa.

Kibondo na Kasulu hapakuwa na tajiri wa kulaumiwa. Majenereta ya dizeli yalikuwa ya TANESCO yenyewe. Mafuta yalipelekwa mbali na kwa gharama kubwa, na mwananchi akalipa bei ile ile ya Dar es Salaam. Hasara ikabebwa na umma hadi gridi ya Taifa ilipofika kupitia Nyakanazi mwaka 2022. Sisi hatuioni kuwa ni hasara tupu, maana mwekezaji asingeuza kwa bei hiyo bila ruzuku. Watu wa Unguja, tuliokaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, tunajua kukosa umeme kulivyo.

Ndugu yetu ameuliza pia kuhusu jirani aliyeunga waya kabla ya mita, akisema hii ni mali ya Serikali tu. Huo ni wizi, na wenye haki hapo ni wote wanaolipa. Toba yake haitimii kwa istighfari pekee: akadirie alichotumia, akakilipe shirikani.

Wallahu aalam.