Seva Mnachangia Watatu? Bei Pangeni Wenyewe

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na wale ambao oda zao zinapita kwenye mfumo wao wenyewe na seva wanachangia watu wawili watatu. Wengi mnagawana gharama sawa kwa sawa. Inaonekana ni undugu, lakini hapo kuna mtu anamlipia mwenzake kila mwezi bila kujua, na kuna mwingine anapanga bei ya kupeleka mzigo akidhani mfumo wake unakula hela kidogo.

Kama fundi wenu aliwawekea Kubernetes, kila biashara ina fungu lake ndani ya klasta, hata kama klasta yenyewe ni mashine moja tu. Kubernetes haijui hela. Inajua nani kaomba prosesa kiasi gani na RAM kiasi gani (RAM ni ile ile ya kwenye simu). Wa kugeuza hayo kuwa hela ni programu nyingine. Mojawapo ni OpenCost, na ni ya bure.

Sasa tatizo liko hapa. OpenCost ikikaa kwenye seva za kukodi za kampuni kubwa kama Amazon, inachukua bei kwa mwenye seva. Ikikaa kwenye mashine yenu iliyoko stoo, haina wa kumuuliza, kwa hiyo inatumia bei ilizokuja nazo: kama dola 0.0316 kwa kiini kimoja cha prosesa kwa saa, na dola 0.0042 kwa GB moja ya RAM kwa saa. Hizo zinaendana na bei za Google za kukodisha mashine Marekani. LUKU yako haimo humo.

Kwa hiyo anza na gharama yako halisi. Mfano: mashine mmenunua 1,800,000, mnataka irudishe hela yake ndani ya miezi 36, hiyo ni 50,000 kwa mwezi. Umeme 45,000. Intaneti 55,000. Jumla 150,000. Mashine ina viini 4, RAM GB 16 na diski GB 100.

Toa diski kwanza. Tuseme mmekubaliana 120 kwa GB, yaani 12,000. Inabaki 138,000 ya kugawa kati ya prosesa na RAM, na hapa ndipo watu wanakwama, maana mashine ilinunuliwa nzima, hukuuziwa RAM peke yake. Mimi napenda kuazima ule uwiano wa bei za Google: kiini kimoja ni kama GB 7.5 za RAM. Viini 4 mara 7.5 ni 30, jumlisha 16, unapata 46. 138,000 gawa kwa 46 ni 3,000. Basi GB ya RAM ni 3,000 kwa mwezi na kiini ni 22,500. Umemaliza kazi ngumu.

Ukiweka OpenCost kwa Helm, kwenye mipangilio kuna sehemu inaitwa customPricing. Iwashe, ujaze CPU, RAM na storage. Angalia sana kipimo! Faili la bei linalokuja na programu linahesabu kwa saa, lakini kuna njia nyingine za kujaza zinazotaka bei ya mwezi. Mwezi unahesabiwa saa 730, kwa hiyo ukichanganya, hesabu inakosewa mara 730. Kiini cha 22,500 kwa mwezi ni kama 30.82 kwa saa. Na usichanganye sarafu: ukijaza shilingi, jaza shilingi kote, hata kama alama inayoonekana ni ya dola. Haikubadilishii.

Tugawe sasa. Wewe umeomba kiini 1 na GB 4: 34,500. Jamaa wa vipuri nusu kiini na GB 2: 17,250. Wa jumla kiini kimoja na nusu na GB 6: 51,750. Hapo ni 103,500. Zile 34,500 zilizobaki ni nafasi iliyolala bure, na lazima zilipwe na mtu. Mkizigawa kwa uwiano wa matumizi, na diski mkigawana sawa, wewe unalipa 50,000, wa vipuri 27,000, wa jumla 73,000. Mlipokuwa mnagawana sawa kila mmoja alitoa 50,000. Yaani wa vipuri alikuwa anamsaidia wa jumla 23,000 kila mwezi, 276,000 kwa mwaka. Kwa duka dogo hiyo ni hela ya mzigo kabisa.

Wa jumla akilalamika kwamba hatumii yote aliyoomba, mweleze kwamba OpenCost inachukua kilicho kikubwa kati ya ulichoomba na ulichotumia. Ni sawa na meza ya sokoni: umeikodi, wengine hawawezi kuikalia, unailipia hata siku hukuja. Akitaka bei ishuke, fundi ampunguzie maombi, ila asipunguze mpaka mfumo ukazima siku ya wateja wengi.

Mwezi ukiisha jumlisha mafungu yote, iliyolala bure na diski. Ikikaribia 150,000 mko sawa. Ikitoka mbali, rudi kwenye kipimo kwanza, saa au mwezi. Na siku mkiongeza RAM au umeme ukipanda, pigeni upya ile hesabu ya 46 kabla hamjatumiana bili.